Nembo Ndani ya Kabati la Kioo

Katika lugha yetu yako maneno mawili ambayo sisi watumishi wa maofisini tumezoea kuyatumia kana kwamba ni neno moja. La kwanza ni chapa, la pili ni nembo. Mwenye kiwanda husema ana chapa yake. Shule, vyama na mashirika husema yana nembo zake. Na aghalabu msikilizaji haoni tofauti yoyote ila ya mazoea. Lakini waliotuachia maneno haya hawakuwa wavivu wa kufikiri. Chapa ni alama ambayo kitu hutiwa na mwingine. Ng'ombe hupigwa chapa kwa chuma cha moto ili mwenye zizi amtambue. Gunia hupigwa chapa ya mwenye mali. Na kitenzi chenyewe, kuchapa, kinafahamika vyema kwa kila aliyepita shuleni. Nembo, kabla haijawa mchoro wa juu ya barua za serikali, ilikuwa chale: mistari na nukta zilizochanjwa katika ngozi, kama zile zilizoonekana katika nyuso za wazee wa Kimakonde wa ng'ambo zote mbili za mto Ruvuma. Aliyekuwa nayo aliilipia kwa damu yake mbele ya watu wake. Hatudai kwamba kila kijana aliulizwa kama anaitaka. Twasema tu kwamba chapa humtaja mwenye mali, na nembo huwataja jamaa.

Tofauti hiyo hatukuifikiria hata kidogo siku tulipokabidhiwa kazi ambayo ndiyo asili ya makala haya. Tuliteuliwa kuongoza kamati ya watu watano ya kutayarisha chumba kimoja cha maonyesho katika jumba la makumbusho la mkoani. (Jumba hilo hatulitaji, maana makosa tutakayoyasimulia ni yetu sisi.) Chumba kilikusudiwa kuonyesha alama za harakati za ukombozi: mabango, beji, fulana, kanga, bendera na kadi za uanachama, hasa za wapigania uhuru wa Kusini mwa Afrika waliopata hifadhi katika nchi yetu. Tulidhani ni kazi ya kupima kuta, kuagiza vioo na kuandika maelezo mafupi kwa herufi zinazosomeka. Ilitugeukia ikawa kazi ya dhamiri. Swali lililotukabili, na ambalo twapenda kulijadili na msomaji, ni hili: alama iliyotengenezwa ili ibandikwe usiku na kuchanwa asubuhi, alama ambayo mtu angeweza kufungwa kwa kukutwa nayo, je, twaitendea haki tunapoiweka ndani ya kabati la kioo, tukaiwashia taa, na kumwita mgeni rasmi aje akate utepe?

Wako watakaosema kwamba hilo ni swali la watu wenye nafasi. Hatuafiki. Taifa letu lenyewe ni mtoto wa alama za namna hiyo. TANU ilipoanzishwa tarehe 7 Julai 1954 haikuwa na bunduki wala hazina. Ilikuwa na maneno, kadi, na bendera ya kijani na nyeusi. Watumishi wa serikali ya kikoloni walikatazwa kujiunga nayo, hivyo kwa karani wa siku zile kadi ile ndogo ilikuwa na uzito wa mshahara wake wote. Mjini Dar es Salaam vikundi vya ngoma vya akina mama, vilivyokuwa na desturi ya kuvaa sare tangu kabla ya siasa, viliihamishia desturi hiyo katika mikutano, na Bibi Titi Mohamed akawa kiongozi na sauti yao. Atakayeandika historia ya ubunifu wa alama katika nchi hii, akaanza na wachoraji, atakuwa amekosea mlango. Aanze na akina mama waliokubaliana kuvaa vazi la namna moja ili mkoloni awahesabu vizuri. Kisha, tarehe 9 Desemba 1961, kijani na nyeusi ya chama, ikitiwa michirizi ya manjano, ikawa bendera ya Tanganyika. Na mwaka 1964 ikaungana na buluu ya Zanzibar. Rangi ambazo karani aliogopa kuonekana nazo zikawa ndizo anazozisimamia wima kila asubuhi. Mtoto wa darasa la kwanza huziimbia leo kwa sauti kubwa, wala hajui kwamba ziliwahi kumnyima mtu usingizi. Si kosa lake. Lakini hapo ndipo ugumu wa kazi yetu ulipoanzia, kwa sababu anayetengeneza makumbusho ya alama za mapambano hutaka kumrudishia mtoto huyo ile hofu, na hofu haiwekeki kabatini.

Tulipoanza kusoma habari za nchi nyingine, jambo moja lilijirudia mno hata tukaliona kuwa si la bahati. Mara nyingi nembo kubwa za wanyonge zilianza zikiwa chapa za wakubwa. Wanawake wa Uingereza waliodai haki ya kupiga kura walijichagulia rangi tatu mwaka 1908, zambarau, nyeupe na kijani, wakazivaa kwa maelfu katika bustani ya Hyde Park mjini London. Wengi wao walifungwa katika gereza la Holloway. Na Sylvia Pankhurst, mwenzao aliyekuwa amesomea uchoraji, alibuni beji ya fedha ya kuwatunuku waliotoka kifungoni. Alichora lango la chuma, na juu ya lango hilo mshale mpana. Mshale huo ndio uleule ambao serikali iliupiga katika nguo za wafungwa kuonyesha kwamba nguo hizo ni mali yake. (Msomaji atapenda kujua kwamba mama huyu aliishia Addis Ababa, akafa na kuzikwa huko mwaka 1960.) Miaka themanini baadaye, tarehe 2 Septemba 1989, polisi wa Makaburu waliwarushia waandamanaji wa Cape Town maji yaliyotiwa rangi ya zambarau, ili rangi iwagande mwilini na wapate kukamatwa hata wakikimbia. Hiyo ni chapa ya ng'ombe hasa, isipokuwa haikuwa ya moto. Mwandamanaji mmoja akapanda juu ya gari lile akaugeuza mdomo wa bomba; na haukupita muda kuta za mji zikawa na maandishi yasemayo kwamba zambarau ndiyo itakayotawala, kwa kuchezea neno la Mkataba wa Uhuru wa mwaka 1955 kwamba umma ndio utakaotawala. Waliotiwa rangi ili wadhalilike walijivunia madoa yao.

Mambo haya tuliyajua kwa kusoma. Mwalimu wetu wa kweli alikuja kwa miguu.

Tangazo letu la kuwaomba wananchi walete vitu vyao liliwaleta watu wachache kuliko tulivyotarajia. Mmoja wao alikuwa mama aliyefanya kazi ya ushonaji huko Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, mahali ambapo chama cha ANC kilijenga shule katika ardhi iliyotolewa na serikali yetu, kikaipa jina la Solomon Mahlangu, kijana aliyenyongwa na Makaburu mjini Pretoria tarehe 6 Aprili 1979. Sisi tuliosoma sekondari mjini Morogoro katika miaka ya 1980 twawakumbuka vijana wa Mazimbu: nyimbo zao zilizoimbwa kwa miguu kama kwa midomo, na fulana zao zenye maandishi, ambazo tulizionea wivu bila kufahamu kwamba huko kwao mtu asingefika nayo kituo cha basi. Mwaka 1992 mahali hapo palikabidhiwa kwa serikali yetu, na leo ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine.

Mama huyo alitoa katika bahasha ya kaki bango moja lililokunjwa mara nyingi hata likawa dogo kama daftari la mfukoni. Karatasi ilikuwa hafifu, imeanza kuwa na rangi ya chai. Wino ulikuwa wa rangi mbili, nyeusi na nyekundu. Palikuwa na ngumi na mnyororo uliokatika, nasi, kusema kweli, tumewahi kuona ngumi zilizochorwa vizuri zaidi. Kila palipopita mkunjo wino ulikuwa umebanduka, hivyo mchoro mzima ulikuwa na msalaba mweupe juu ya msalaba mweupe. Alipewa na binti wa Afrika Kusini aliyefanya naye kazi katika meza moja ya kukatia nguo, siku binti yule alipohamishiwa nchi nyingine.

Mbunifu wetu, kijana hodari aliyesomea kazi yake kwa kompyuta, alilipiga picha bango lile, na baada ya siku mbili akatuletea nakala kubwa kama mlango. Mikunjo ilikuwa imefutwa, nyekundu imekolea, kingo zimenyooka. Kamati ilipiga makofi. Sisi tukatia sahihi kwamba nakala itundikwe mbele, na lile la asili lihifadhiwe stoo. Tulimwita mama aje kuona kabla ya ufunguzi.

"Shikamoo, Mama. Umeliona?"

"Marahaba. Nimeliona. Zuri sana. La nani?"

Tukamwambia kwamba ni lake. Akatutazama kama mtu atazamavyo mtoto aliyevunja chungu na bado hajajua.

"Mdogo wangu, langu lina mikunjo. Yule binti aliniambia lilivushwa mpaka ndani ya gazeti, limekunjwa vivyo hivyo, na aliyelivusha hawakumwona tena. Hili lenu halijawahi kwenda mahali."

Ilitubidi kuahirisha kutundika. Kijana wetu hakukubali kwa urahisi, na hoja yake twaiweka hapa kwa haki, kwa sababu haikuwa ya kipuuzi. Alisema, "Mzee, aliyechora hakuchora mikunjo. Alichora ngumi. Angekuwa na wino bora angeutumia, na angekuwa na karatasi kubwa angeifurahia. Sisi tukianza kuiheshimu mikunjo tutakuwa tunaabudu umaskini wake badala ya kusikia alichokisema." Msomaji atakubali kwamba hoja hii ina miguu ya kusimamia. Hata sisi twawafahamu wageni wanaopenda vitu vyetu vikiwa vimechakaa tu, na ambao kitu kizima chenye rangi mpya huwaudhi.

Jibu letu tulilipata tulipojifunza namna mabango yale yalivyotengenezwa. Kitambaa chenye nyuzi wazi huwambwa katika fremu ya mbao. Juu yake hubandikwa karatasi iliyokatwa matundu kwa umbo la mchoro. Wino humiminwa, kisha husukumwa kwa ubao wenye ukingo wa mpira, ukapenya penye tundu na kukataa pasipo na tundu. Kila rangi ina fremu yake. Kazi hii haihitaji umeme wala mtambo. Yahitaji chumba, kamba ya kuanikia, na watu wawili wasio na maneno mengi. Mjini Gaborone, nchini Botswana, kikundi cha wasanii kilichoitwa Medu, chenye wakimbizi wengi wa Afrika Kusini, kilibuni hata kiwanda cha kuchapia kinachoingia katika sanduku la safari. Mabango yao yalivuka mpaka yakiwa yamekunjwa ndani ya majarida. Basi rangi mbili zile hazikuwa rangi mbili kwa sababu mchoraji hakuwa na ya tatu. Rangi ya tatu ilikuwa na maana ya fremu ya tatu, saa nyingine mbili za usiku, na harufu ya wino kumfikia jirani. Mikunjo nayo haikuwa uchakavu uliokuja baadaye. Bango lilichorwa ili likunjwe. Kijana wetu alikuwa amefuta sehemu ya mchoro akidhani anafuta vumbi, na sisi tulikuwa tumeidhinisha.

Yatubidi tuendelee kidogo na habari za Medu, kwa sababu ndizo zilizotuondolea usingizi. Mmoja wa wachoraji wao alikuwa Thami Mnyele, mzaliwa wa Alexandra, mtu aliyeamini kwamba msanii ni mfanyakazi kama wafanyakazi wengine. Usiku wa tarehe 14 Juni 1985 askari wa Makaburu walivuka mpaka wakaingia Gaborone, wakaua watu kumi na wawili. Mnyele alikuwa miongoni mwao. Michoro yake iliyokutwa nyumbani ilichukuliwa, na baadaye ikaonyeshwa katika televisheni ya Afrika Kusini kuwa ushahidi kwamba aliyeuawa alikuwa gaidi. Msomaji apime jambo hilo. Kazi zile zilitolewa, zikawekwa mbele ya macho ya watu, zikamulikwa taa, na mtu mwenye mamlaka akasimama kando akazieleza. Kwa vipimo vyote vya fundi hayo yalikuwa maonyesho. Mwaka 2019 jumba la makumbusho ya sanaa la Chicago, nchini Marekani, lilifanya maonyesho makubwa ya mabango ya Medu. Nayo yalitolewa, yakamulikwa, yakaelezwa. Hatusemi kwamba vitendo hivi viwili vinafanana. Twasema kwamba mikono ya nje inafanana, na anayetengeneza maonyesho hawezi kujificha nyuma ya neno "tumeonyesha tu". Tangu tuliposoma habari hiyo, kila tulipoandika kibandiko cha maelezo tulijiuliza kama ofisa yule wa televisheni asingeweza kukisoma kama kilivyo.

Chukua mathalan vibandiko vya majina. Desturi ya makumbusho ni kuandika jina la msanii, na kama halipo, huandikwa kwamba msanii hajulikani. Tulikuwa tumeandika hivyo chini ya mabango tisa. Lakini je, ni kweli hakujulikana? Alijulikana na mkewe, alijulikana na aliyemshikia taa, alijulikana na aliyekuja alfajiri kuchukua mafungu. Alilificha jina lake kwa sababu jina lingempeleka gerezani pamoja na hao wote. Kusema kwamba hajulikani ni kuufanya ushujaa wake kuwa upungufu wa kumbukumbu zetu. Tulibadili vibandiko vyote tisa vikasomeka: "Mchoraji alificha jina lake." Mkaguzi mmoja alituandikia kwamba maneno hayo hayapo katika mwongozo. Ni kweli hayapo.

Upande wa uhifadhi hatutauzungumza sana, maana ni kazi ya mafundi. Ila kuna kinaya kimoja. Karatasi hafifu na vitambaa vilivyotiwa rangi huharibiwa na mwanga, na wataalamu hushauri mwanga usiozidi takriban lux 50, ambao ni kama wa chumba chenye pazia zito. Bango lililozaliwa kwa ajili ya jua la barabarani sasa laliogopa jua kuliko mgonjwa wa macho. La mama yule twaliweka katikati ya vioo viwili, ili mgeni aweze kuzunguka na kuona mgongo wake pia. Laonyeshwa miezi mitatu, kisha hurudi gizani miezi tisa. Katika miezi hiyo tisa mahali pake huwa wazi. Mwanzoni wageni walilalamika.

Lililotugawa kamati katikati lilikuwa duka. Mwenzetu aliyeshika fedha alipendekeza kwamba michoro ya mabango ichapwe katika vikombe, fulana na mikoba, iuzwe mlangoni. Paa la jumba lilikuwa likivuja, na tusimcheke mtu anayetafuta bati. Tena alikuwa na mfano mzuri: mwaka 1958 mchoraji Gerald Holtom wa Uingereza alibuni alama ya duara yenye mistari mitatu kwa ajili ya wapingaji wa mabomu ya nyuklia, akaitoa kwa herufi mbili za ishara za bendera, na alama hiyo haikufungiwa na haki ya mtu, hata leo kila atakaye huichora. Kama mwenyewe aliitoa bure, sisi ni nani wa kuizuia ya wengine isiende? Tukamjibu kwa mfano wa Cuba. Alberto Korda aliyempiga Che Guevara picha ile mashuhuri, tarehe 5 Machi 1960, aliiacha itumike miaka mingi bila kudai senti. Lakini ilipotumiwa katika tangazo la pombe ya vodka alikwenda mahakamani, na fedha alizolipwa mwaka 2000 akazitoa kwa ajili ya matibabu ya watoto wa Cuba. Hakudai kwamba sura ile ni mali yake. Alidai kwamba si mali ya muuza pombe.

Hapo ndipo maneno mawili tuliyoanza nayo yaliporudi akilini mwetu. Nembo ikiuzwa haiachi kuwa nembo kwa sababu tu imeuzwa. Kanga huuzwa dukani, jozi kwa jozi, na jina lililoandikwa juu yake bado laweza kumkata jirani au mume mwenye masikio. Ni kwa sababu anayeivaa huchukua jukumu la neno lile katika mwili wake. Lakini kikombe cha ngumi na mnyororo mezani kwa ofisa hakimgharimu chochote, na humtaja mwenye duka tu. Imekuwa chapa. Tulikubaliana kuuza kanga na kutouza vikombe, na mwenzetu wa fedha alisema kwamba huo ni ushairi, si uongozi. Labda. Paa lilitengenezwa mwaka uliofuata kwa fungu jingine.

Mtu asije akadhani kwamba twaitukuza kila alama kwa kuwa imeinuliwa dhidi ya wenye nguvu. Mwaka 1994, wakati Afrika Kusini ilipokuwa ikipiga kura yake ya kwanza ya watu wote, nchini Rwanda redio na magazeti yaliyojidai kuwa sauti ya wengi yalikuwa yakichochea mauaji ya kimbari. Na kule vituo vya ukaguzi barabarani vilitumia vitambulisho vyenye kabila la mtu, desturi iliyoletwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930. Wao pia walidai kwamba wanateta. Sisi twatofautisha hivi: alama inayomtaka anayeibeba awe tayari kuumia ni nembo, alama inayowatia wengine doa ili waumizwe ni chapa, hata iwe imechorwa na masikini, hata iwe imechorwa vizuri. Katika chumba chetu tulitaka kabati moja dogo la kueleza hayo. Halikuidhinishwa, kwa hoja kwamba lingewachanganya wanafunzi.

Sasa tuufikie ukuta wa mwisho, ambao hatujapatana nao hadi leo. Tulikuwa tumeandika hapo, kwa mkono wetu wenyewe na kwa mizani ya kishairi ambayo tulijisifia, kwamba safari ya alama hizi ilikamilika mwaka 1994, mwaka wa kura ile ya Afrika Kusini na wa kufungwa kwa Kamati ya Ukombozi iliyokuwa Dar es Salaam tangu 1963. Tarehe zote ni sahihi. Mwezi wa pili baada ya ufunguzi, mwanafunzi wa kidato cha pili alimwuliza mwongozaji: "Baada ya hapo watu waliacha kuandika ukutani?" Mwongozaji akacheka, wanafunzi wakacheka, na safari ikaendelea kwenye kabati la sarafu. Ila mwongozaji ni mtu mwaminifu. Aliliandika swali lile katika daftari lake, likatufikia.

Tulijaribu kulijibu katika kikao. Mwenzetu mmoja, mtumishi mzoefu kuliko sisi, alisema kwamba makumbusho si jukwaa. Mwenye dai ana ofisi ya kata, ana mwakilishi, ana mahakama, na kwamba wale waliochapa usiku walifanya hivyo kwa kuwa hawakuwa na vyote hivyo. Twaiheshimu hoja hiyo. Ndiyo tofauti kati ya dola ya kikoloni na dola yetu, na anayeifuta tofauti hiyo kwa wepesi hajui mkoloni alikuwa nini. Lakini hoja hiyo yaeleza mahali pa kupeleka dai. Haielezi kwa nini sisi tuliandika kwamba madai yamekwisha. Hakuna aliyetuagiza. Serikali haikututumia waraka, mkuu hakutupigia simu. Tuliandika kwa sababu sentensi ilifunga vizuri, na kwa sababu mtumishi aliyekaa ofisini miaka thelathini huona raha jambo likifungwa. Dola iliyozaliwa na malalamiko ina vishawishi viwili mbele ya kumbukumbu za malalamiko yale: kuyaogopa, au kuyamiliki. Kuyaogopa ni aibu inayoonekana mapema. Kuyamiliki huonekana kama heshima. Huja na utepe na mkasi. Twaichukua nembo iliyolipiwa na wengine, twaipiga muhuri wetu, twasema gharama imekwisha kulipwa yote. Nembo ikiishia hapo, sisi ndio tulioigeuza chapa, na wala hatukuhitaji chuma cha moto.

Tulipeleka dokezo la kuomba sentensi ile iondolewe. Lilizunguka miezi saba, likarudi na maelekezo kwamba liambatishwe na makisio ya gharama za rangi ya ukuta. Kijana wetu mbunifu hakungoja. Alitengeneza fremu moja ya kuchapia, ya mbao na kitambaa, akaiweka kwenye kona iliyo chini ya sentensi ileile, pamoja na wino mweusi, karatasi za bei nafuu na kamba ya kuanikia, ili wanafunzi wajifunze ufundi wa Medu kwa mikono yao. Alituomba ruhusa baada ya kuiweka.

Mwezi uliopita mhudumu wa jumba alituletea karatasi moja aliyoikuta imeanikwa hapo jioni, baada ya shule moja kuondoka. Ilikuwa na mchoro wa bomba la maji lisilotoa hata tone, na chini yake jina la kata yao, kwa herufi kubwa zilizovuja kidogo pembeni. Hapakuwa na jina la mchoraji. Mhudumu aliuliza aitupe au aipeleke kwa nani. Tuliangalia mgongo wake. Ulikuwa umekwisha kunjwa mara mbili, kama kwamba mwenyewe alifikiri kuondoka nayo kisha akaghairi. Tulimwambia airudishe kwenye kamba.